Kudai fidia ukiumizwa na kifaa tiba kibovu

Kabla ya upasuaji wa kuondoa kifaa, kiwe nyonga bandia, betri ya moyo au wavu wa henia, iandikie hospitali barua ukitaka kihifadhiwe. Madai mengi hufia hapa: kikishachomwa pamoja na taka za hospitali, mtaalamu hana cha kupima. Usimpe mtengenezaji pia kabla ya kuonana na wakili, kwani vipimo vyake vinaweza kukiharibu.

Omba nakala ya faili lako lote. Kwenye ripoti ya upasuaji wa kwanza tafuta stika ndogo yenye jina la mtengenezaji, modeli na namba ya toleo. Zilinganishe na matangazo ya vifaa vilivyoondolewa sokoni. Tangazo hilo husaidia, lakini bado utatakiwa kuthibitisha kwamba kasoro ndiyo iliyokuumiza.

Kasoro yenyewe huwa ya usanifu, ya utengenezaji, au ya maonyo yasiyotosha. Daktari akikiweka vibaya, hiyo ni kesi nyingine ya uzembe.

Dai gharama za matibabu yaliyopita na yajayo, kipato kilichopotea na maumivu. Tunza hata risiti za nauli.

Muda hauna huruma. Uingereza, kwa mfano, una miaka 3 ya kufungua madai tangu ulipojua madhara, na haki hiyo hufutika miaka 10 baada ya kifaa kuingizwa sokoni. Ukiahidiwa upasuaji wa bure, soma karatasi kwanza: huenda unasaini kuachilia madai yako yote.