Kubadilisha saa janja unapotumia kisoma skrini: mwongozo kwa mnunuzi asiyeona jijini Nairobi

Mtu asiyeona anayeishi Nairobi ana sababu zake za kuvaa saa janja, na sababu hizo hazimo katika matangazo ya biashara. Ukisimama kituoni pale Odeon au Railways na kuitoa simu mfukoni ili tu ujue ni saa ngapi, umemwonyesha kila mpita njia mahali simu yako inapokaa, na wakati huo mkono wako mmoja umeshika fimbo nyeupe. Saa iliyofungwa mkononi hukupa wakati, jina la anayekupigia na ujumbe wa M-Pesa bila simu kuondoka mfukoni. Kwa hiyo saa ya zamani inapoanza kuchoka, usiulize ipi ni mpya zaidi dukani. Uliza ni ipi itakayokufanyia kazi hizo tatu upesi na kwa uhakika, ukiwa umesimama katikati ya watu na kelele, huku hakuna wa kukusomea kioo.

Kwanza uhakikishe kwamba kweli unahitaji saa nyingine. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni kuchelewa kwa sauti: unagusa kitu, kisha unasubiri sekunde moja au mbili kabla ya kisoma skrini, yaani programu inayokutajia kwa sauti kila kilicho kwenye kioo, kukitaja, na kufikia hapo umeshagusa kitu kingine na kupotea. Anayeona haoni shida hiyo, kwa sababu jicho lake hutangulia kidole, lakini sisi hutembea juu ya kioo kwa kufuata sauti, na sauti ikichelewa nasi tunakwama. Dalili ya pili ni saa kuachwa nyuma na programu mpya. Kwa mfano, watchOS 11, programu endeshi ya Apple Watch iliyotoka mwaka 2024, haikuziingiza Apple Watch Series 4, Series 5 na SE ya kwanza, na wenye saa hizo walibaki na watchOS 10. Ikiwa tatizo lako ni betri pekee, fungua mipangilio ya saa na usikilize hali ya betri kabla ya kuamua. Apple husema betri za saa zake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 1,000, na anayemaliza chaji yote kila siku hufikia idadi hiyo katika muda usiozidi miaka mitatu. Betri mpya iliyowekwa na fundi anayeaminika inaweza kukutosha kwa muda mrefu, hasa ikiwa sauti ya saa bado inakuja upesi.

Ukishaamua kununua, simu yako ndiyo itakayokuchagulia njia. Apple Watch hufanya kazi na iPhone tu, na saa inayotumia watchOS 26 huhitaji iPhone 11 au iliyo mpya kuliko hiyo. Galaxy Watch za Samsung, tangu Galaxy Watch4 ya mwaka 2021, pamoja na Pixel Watch za Google, huhitaji simu ya Android. Kisoma skrini cha Apple Watch ni VoiceOver, nacho kimekuwamo tangu saa ya kwanza ya mwaka 2015. Cha Galaxy Watch hizo na Pixel Watch ni TalkBack. Kwa maoni yangu VoiceOver ya mkononi imekomaa zaidi, lakini simshauri mtu aliyezoea TalkBack kwenye simu yake abadilishe simu na saa kwa pamoja, kwa sababu atalazimika kujifunza upya ishara zote za vidole huku akiendelea na kazi zake za kila siku.

Hapa ni lazima nieleze jambo lililonigharimu fedha. Saa yangu ya kwanza niliinunua kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba inaongea. Ilikuwa kweli ina spika, na iliweza kupokea simu kwa sauti, lakini haikuwa na kisoma skrini hata kidogo, na kila nilipoigusa ilikaa kimya. Saa kuwa na sauti ni jambo moja, na saa kukusomea kila kitu unachokigusa ni jambo jingine kabisa. Hata watengenezaji wakubwa hutofautiana hapa: Garmin Venu 4 ya mwaka 2025, kwa mfano, ina uso wa saa unaotamka wakati na takwimu za afya unapoitaka ifanye hivyo, jambo linalosaidia sana, ila huduma hiyo haichukui nafasi ya kisoma skrini kinachokupitisha katika kila orodha na kila kitufe. Saa nyingi za bei nafuu zinazopangwa mezani barabarani hazina hata hilo. Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama saa inaongea. Mtake afungue mipangilio, aingie sehemu ya ufikivu (Accessibility), na akuwashie VoiceOver au TalkBack hapo hapo, kisha akuachie saa mkononi.

Baada ya sauti, jambo ninalolipa uzito mkubwa zaidi ni mtetemo, ambao wanunuzi wengi husahau kuujaribu. Ndani ya matatu yenye muziki mkubwa, sauti ya saa haifiki sikioni hata ukiiinua karibu na shavu, lakini ngozi ya mkono husikia. Apple Watch ina njia ya kukupa wakati kwa mitetemo mitupu, bila neno. Katika mpangilio wa tarakimu, hutoa mtetemo mrefu kwa kila saa kumi na mfupi kwa kila saa inayobaki, kisha mrefu kwa kila dakika kumi na mfupi kwa kila dakika inayobaki. Saa inayoonyesha 2:35 itakupigia mifupi miwili, mirefu mitatu, halafu mifupi mitano. Upo pia mpangilio wa mkato, ambao mtetemo mrefu huhesabu saa tano tano na kisha robo za saa, na upo wa alama za Morse, zile za herufi kwa mapigo mafupi na marefu, kwa wanaozijua. Jihadhari na hesabu: saa huhesabu kwa mtindo wa Kizungu, kwa hiyo 2:35 hiyo ni saa nane na dakika thelathini na tano kwetu, na mwenye kupokea mitetemo miwili pasipo kukumbuka kuongeza sita anaweza kukosa miadi. Nakushauri utumie mpangilio wa saa 12 badala ya 24, kwa kuwa 14:35 hukuongezea mitetemo ya kuhesabu bila faida yoyote. Vilevile unaweza kuiamuru saa ikuguse kila saa, kila nusu saa au kila robo saa, na hilo pekee limenipunguzia haja ya kuuliza wakati kwa kiasi ambacho sikukitarajia.

Lugha ni suala linalotuhusu sisi kuliko wale wanaoandika maelezo ya saa hizi. Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, haielewi Kiswahili, kwa hiyo amri zako utazitoa kwa Kiingereza. Sauti ya Kiingereza inapokutana na ujumbe wa M-Pesa ulioandikwa kwa Kiswahili, hutamka "umepokea" kwa namna ambayo hutaitambua, na kiasi cha fedha huzama katikati ya matamshi yaliyopotoka. Simu za Android zina sauti ya Kiswahili katika programu ya matamshi ya Google, lakini usichukulie kwamba saa nayo itaitumia. Jitumie ujumbe mmoja wa Kiswahili ukiwa dukani na usikilize unavyosomwa mkononi. Sauti ikishindwa, ingia katika menyu ya M-Pesa na ubadilishe lugha ya ujumbe iwe Kiingereza. Inaniuma kutoa ushauri huo, kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha ninayoipenda, lakini kiasi cha fedha kilichoingia ni habari ambayo mtu hapaswi kuikisia.

Kumbuka pia kwamba ujumbe huo utasomwa kwa sauti mbele ya abiria wenzako, pamoja na salio lako. Saa hizi huunganishwa na vipokea sauti vya Bluetooth, na ndivyo unavyopaswa kusikiliza mambo ya fedha. Kwa anayetembea na fimbo, vipokea sauti vinavyokaa kwenye mfupa wa shavu na kuacha masikio wazi ni bora kuliko vile vinavyoziba, kwa sababu masikio yetu ndiyo yanayotuarifu kwamba bodaboda imepanda kando ya barabara. Kwa sababu hiyo hiyo, maelekezo ya njia kwa mtetemo, ingawa ni mazuri, hayajui lolote kuhusu mtaro ulioachwa wazi, na fimbo haitapumzika.

Umbo la saa nalo hushikwa kwa vidole kabla ya kusikika. Galaxy Watch za aina ya Classic, yaani Watch4 Classic, Watch6 Classic na Watch8 Classic, zina pete inayozunguka kioo na kutoa mguso mdogo kila inapopiga hatua, na kwa asiyeona pete hiyo ni hazina, kwani unapita katika orodha bila kuhangaika kutafuta mahali pa kutelezesha kidole. Apple Watch Ultra ina kitufe cha ziada ubavuni ambacho unaweza kukipa kazi moja unayoitumia sana, na spika zake husikika vizuri zaidi penye kelele, lakini ni nzito, na umbo lake la milimita 49 ni kubwa kwa mkono mwembamba. Ndani ya VoiceOver ya Apple Watch kuna pia mipangilio ya ishara za mkono, ambapo kubana kidole gumba na cha shahada au kukunja ngumi huiamuru saa. Kwa mtu ambaye mkono mmoja umo katika fimbo, huo ni ukombozi: vaa saa kwenye mkono ulio huru, nayo haitahitaji mkono wa pili. Jaribu ishara hizo ukiwa umesimama na fimbo mkononi, wala si ukiwa umekaa kitini tu.

Kwa mwenye iPhone anayetaka saa mpya bila kumaliza akiba, ningemwelekeza kwenye Apple Watch SE 3 ya mwaka 2025, ambayo ina chipu ya S10 sawa na ile ya Series 10, na kwa hiyo haina ule uvivu wa sauti niliousema mwanzoni. Mng'ao wa kioo, ambao hujaza kurasa za maelezo, upuuze. Vipimo vya moyo na usingizi vina faida kama daktari wako anavihitaji. Saa yenye laini yake ya simu huongeza bei, basi usiilipie kabla ya kuuliza kampuni ya laini yako kama itaiunganisha.

Siku ya kwenda dukani, iwe Luthuli Avenue, Moi Avenue au kwenye jengo la maduka kama Sarit Centre, beba simu yako ikiwa na chaji na vipokea sauti vyako. Ukiandamana na mtu, mwombe mapema asijibu kwa niaba yako, kwa maana wauzaji wengi humgeukia anayeona hata fedha zikiwa mfukoni mwako. Kwa Apple Watch ambayo bado haijaunganishwa na simu kuna jaribio ambalo huhitaji macho ya mtu kulifanya: iwashe, subiri ikae sawa, kisha bonyeza mara tatu kwa haraka kitufe cha ubavuni kinachozungushwa (Digital Crown). VoiceOver inapaswa kuanza kuongea. Saa za bandia hufanana na halisi kwa umbo na hata kwa uzito, na vidole vinaweza kudanganywa, lakini saa isiyotoa sauti baada ya mibonyezo hiyo irudishe mezani. Ukinunua iliyotumika, zile zinazoitwa ex-UK, yaani zilizotoka Uingereza, hakikisha mmiliki wa awali ameiondoa kwenye akaunti yake, la sivyo itadai nenosiri usilolijua na itakuwa kipande cha chuma tu. Iunganishe na simu yako ukiwa bado dukani, na usiondoke bila risiti inayotaja aina kamili ya saa na muda wa waranti.

Nyumbani, unapoiondoa Apple Watch ya zamani kwa kutumia iPhone, simu hutunza nakala ya mipangilio yake, nayo utaweza kuirudisha kwenye saa mpya, ingawa nambari ya siri na vifaa vya Bluetooth utaviweka upya. Saa ya zamani usiiuze wiki hiyo. Vaa mpya siku saba za kawaida, upande matatu nayo, upokee fedha nayo, uache stima ipotee usiku mmoja uone betri inafika wapi, na kama kuna kasoro uirudishe ikiwa na risiti yake. Ikipita, futa kila kitu kwenye ile ya zamani na umtafutie mwenzako asiyeona ambaye bado hana, umwonyeshe jinsi ya kuwasha VoiceOver kwa ile mibonyezo mitatu.