Jinsi ya kutengeneza gemu ya mafumbo inayotatuliwa kwa sikio

Gemu nyingi za simu ninazoletewa nizijaribu zina muziki mzuri, lakini ukizima sauti unaendelea kucheza kama kawaida. Muziki umewekwa kama pazia la sebuleni. Mwongozo huu ni wa kutengeneza kitu tofauti: gemu ya safari na mafumbo ambayo muziki wa kielektroniki ndio kufuli na ndio ufunguo. Yangu nimeijenga hapa Moshi, jioni baada ya kazi, katika chumba kimoja Majengo. Nitaeleza nilivyofanya, na nitakaa zaidi pale palipokula muda wangu.

Hatua ya 1: Tafuta kanuni kabla ya kuwasha kompyuta

Sintesaiza, chombo cha kuzalisha sauti kwa umeme, hufanya kazi kwa mtiririko. Osileta inazaa sauti, filta inaikata, kikuza sauti kinaipandisha au kuishusha, na waya ndio unaoamua nini kiende wapi. Nililijua hilo miaka mingi bila kuona namna ya kuligeuza kuwa mchezo.

Jibu nililipata Kibosho, Desemba moja tulipopanda nyumbani kwa Krismasi. Ilikuwa zamu yetu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kuchimbwa kwa mkono ambao Wachagga wamekuwa wakimwagilia nao migomba na kahawa tangu kabla wageni wa karne ya 19 hawajaandika habari zake. Babu aliinama, akang'oa bonge la udongo lenye nyasi na kipande cha mgomba kilichoziba tawi letu, maji yakageuka. Pale chini sauti ilibadilika: mvumo mzito ukapungua, mchirizi mwembamba ukaanza upande wetu.

"Babu, nifungue na lile tawi la juu?"

"Hapana, mjukuu wangu. Ukifungua yote mawili, la kwa shangazi yako linakauka."

Kanuni ya gemu yangu yote ni hiyo. Maji ni sauti, matawi ni ala, na maji hayatoshi matawi yote kwa wakati mmoja. Ukitaka kinanda, lazima uachie besi. Kizuizi hicho ndicho kinachozaa fumbo. Kama mchezaji anaweza kufungua kila kitu, atafungua kila kitu, na hakutakuwa na la kufikiri.

Andika kanuni yako kwa sentensi moja. Ikikataa kukaa kwenye sentensi moja, usianze kujenga.

Hatua ya 2: Vifaa

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha. Injini, yaani programu ya kujengea gemu, ni Godot, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Chukua toleo la 4.3 au la baadaye kwa sababu ya kitu nitakachokitaja hapa chini. Muziki natengeneza kwa LMMS, kukata na kusafisha sauti kwa Audacity, zote za bure. Nunua hedifoni za waya. Hifadhi kazi yako kwenye Git (programu ya kutunza matoleo ya kazi) na kwenye flashi kila siku, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hautakuuliza.

Hatua ya 3: Tengeneza muziki kwa matabaka

Usitunge wimbo mzima. Tunga matabaka yenye urefu sawasawa ambayo yanaweza kulia pamoja kwa mchanganyiko wowote. Mimi nina matano: ngoma nzito, besi, matoazi, kinanda, na maji yenyewe niliyorekodi kwa simu pembeni mwa mfereji na kuyakatakata kuwa midundo.

Nilianza kwa mwendo wa singeli kwa sababu naipenda na ni muziki wetu wa kielektroniki, lakini singeli huvuka biti (mapigo ya mdundo) 200 kwa dakika. Kwenye biti 240, kila biti ni robo sekunde. Kwa kucheza ni raha, kwa kufikiri ni mateso. Nikashuka hadi 120, na hesabu zikanyooka: 60 gawanya kwa 120 ni nusu sekunde kwa biti, biti 32 ni sekunde 16 kamili. Kwa sauti ya Hz 44,100, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila faili iwe na sampuli 705,600, isizidi wala kupungua hata moja.

Tumia skeli (mpangilio wa noti) ya noti tano. Yangu ni D, F, G, A na C. Mchezaji atachanganya noti kwa namna usiyoitarajia, na skeli hiyo inapunguza sana migongano, hivyo sikio lake linabaki kwenye fumbo badala ya kukerwa na makelele.

Halafu kuna mwangwi. Ukitoa faili ya sekunde 16 yenye mwangwi, mkia wake unakatwa mwishoni, na kila mzunguko ukirudi mwanzo unasikia kama mlango umefungwa ghafla. Dawa yake: panga muziki urudiwe mara mbili, hifadhi faili ya sekunde 32, kisha kata na kubaki na zile 16 za pili. Mkia wa mzunguko wa kwanza utakuwa umeshaingia mwanzoni mwa wa pili. Toa kwa WAV au OGG. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni mwa faili, na ukimya huo ukijirudia kila sekunde 16 unaua mdundo wote.

Ndani ya Godot, weka alama ya kurudia kwa kila faili unapoiingiza, kisha ziunganishe zote kwenye AudioStreamSynchronized, aina iliyoletwa na toleo la 4.3. Inayacheza matabaka yote kwa pamoja, na wewe unapandisha na kushusha sauti ya kila moja. Usianzishe tabaka pale mchezaji anapofungua lango la tawi lake. Yote yawe yanacheza tangu mwanzo, mengine yakiwa kimya.

Hatua ya 4: Saa ya gemu iwe muziki

Hapa ndipo nilipokwama zaidi ya mwezi. Nilikuwa nahesabu biti kwa kujumlisha muda wa fremu, yaani picha moja moja zinazochorwa kwenye skrini. Kwenye kompyuta yangu ilikwenda vizuri. Kwenye simu ya bei ndogo, dakika mbili tu, maji yalikuwa yanaruka kabla ya ngoma. Fremu zinachelewa, muziki hauchelewi, na tofauti inalimbikizana. Lazima uulize muziki wenyewe umefika wapi:

```
const BITI = 0.5
const UREFU = 16.0
var kuchelewa = 0.0
var mwisho = 0.0
var biti_iliyopita = -1

func _ready():
    kuchelewa = AudioServer.get_output_latency()
    $Muziki.play()

func _process(_d):
    var sasa = $Muziki.get_playback_position()
    sasa += AudioServer.get_time_since_last_mix()
    sasa -= kuchelewa
    if sasa < mwisho and mwisho - sasa < UREFU / 2:
        return
    mwisho = sasa
    var biti = posmod(int(floor(sasa / BITI)), 32)
    if biti != biti_iliyopita:
        biti_iliyopita = biti
        fungua_yanayosubiri(biti)
```

Mstari wa kwanza wa `sasa` unatoa mahali muziki ulipo, lakini thamani yake inaruka kwa vipande kwa sababu sauti huandaliwa kwa mafungu. Wa pili unaongeza muda uliopita tangu fungu la mwisho. Wa tatu unaondoa muda ambao sauti inachukua kufika kwenye spika. Muda huo nimeuliza mara moja tu mwanzoni, kwa kuwa kuuliza kila fremu ni kazi nzito kwa simu.

Ule mstari wa `if` utazame vizuri. Saa hii mara nyingine hurudi nyuma kidogo sana, na ukiiruhusu biti moja itahesabiwa mara mbili. Mwanzoni niliandika kwamba ikirudi nyuma isihesabiwe, basi. Malango yote yakaganda baada ya sekunde 16, kwa sababu muziki ukimaliza mzunguko na kurudi sifuri nako ni kurudi nyuma. Kwa hiyo nazuia kurudi kudogo tu, na kule kwa zaidi ya nusu ya mzunguko nakupitisha.

Hedifoni za Bluetooth huongeza ucheleweshaji ambao injini haiujui kila mara. Weka ukurasa ambapo mchezaji anagonga skrini mara nane kufuata ngoma, kisha tumia thamani ya katikati. Wastani usiutumie; pigo moja la kuchelewa linaupotosha.

Hatua ya 5: Lango lisubiri biti

Hii si gemu ya kupima wepesi wa kidole. Mwache mchezaji abonyeze wakati wowote, nawe fungua lango kwenye biti inayofuata; hiyo ndiyo kazi ya `fungua_yanayosubiri`, utakayoiandika mwenyewe. Kusubiri hakuzidi nusu sekunde, na kila anachofanya kitasikika kama mwanamuziki kakifanya. Ila mpe jibu papo hapo: bonge la udongo litikisike, tone moja lidondoke. Bila hilo atadhani simu haikusikia na atabonyeza tena.

Sauti ya tabaka ipande taratibu kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Upandishaji uhesabu kwa namba kati ya 0 na 1, kisha geuza kuwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa `linear_to_db`. Ukipanda moja kwa moja kutoka desibeli -60 hadi 0, karibu muda wote sikio halisikii kitu, halafu sauti inaibuka mwishoni.

Hatua ya 6: Lichore fumbo kwenye karatasi

Chukua karatasi ya miraba, chora hatua 16 kwa mstari. Fumbo langu la nne ni jiwe linalopiga kwenye hatua ya 1, 4, 7, 11 na 13. Mchezaji atafute matawi ambayo mapigo yake kwa pamoja ni yaleyale ya jiwe. Kuna matawi manne na maji ya kutosha mawili:

Besi: 1, 7, 13
Kinanda: 4, 11
Ngoma: 1, 5, 9, 13
Matoazi: 4, 8, 12

Besi na kinanda ndiyo jibu. Lakini angalia ngoma: inashirikiana na jiwe kwenye 1 na 13, kwa hiyo anayeichagua anasikia amepatia, halafu kwenye 5 anasikia kitu kimesimama peke yake. Kosa la namna hiyo linamfundisha. Matawi mabaya yakiwa mabaya kabisa, mchezaji anabahatisha tu. Yape nusu ya ukweli, naye ataanza kusikiliza.

Kila sauti iwe na alama yake ya kuonekana pia: jiwe linapiga na mwanga, besi inatikisa jani. Asiyesikia ana haki ya kucheza, na anayecheza ndani ya daladala bila hedifoni vilevile.

Hatua ya 7: Peleka simu kwa watu

Nilimpa kijana wa bodaboda pale Mbuyuni simu yake mwenyewe ikiwa na gemu, nikanyamaza. Alikwama kwenye fumbo la pili dakika kumi. Akanigeukia, "Kaka, hili tawi halina kitu." Lilikuwa la besi, Hz 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), ambayo kwenye hedifoni zangu ilikuwa inatetemesha fuvu. Spika ya simu haifiki huko chini.

Nilirudi nikaichafua besi kidogo kwa distosheni ili izae na Hz 110, 165, 220 na kuendelea. Sikio likizipata hizo za juu linajaza lenyewe ile ya chini. Jaribu kila tabaka kwenye spika ya simu ndogo kuliko zote unazoweza kuazima, na ukae kimya. Ukieleza tu, umeharibu jaribio.

Hatua ya 8: Itoe

Anza na itch.io, tovuti ya gemu ambako kuweka gemu ni bure. Google Play wanatoza dola 25 mara moja, Steam (duka la gemu za kompyuta) dola 100 kwa kila gemu. Kama mtu mwingine amekutungia muziki, mkubaliane kwa maandishi na mtie sahihi kabla hujapakia chochote, hata akiwa rafiki yako. Kwenye ukurasa weka video fupi ya fumbo moja likitatuliwa, sauti ikiwa wazi, bila mtu kuongea juu yake, na mstari wa kwanza wa maelezo uandike: vaa hedifoni.