Mfumo unapiga kazi kwenye laptopu, ukifika seva unagoma: anzia hapa

Umejenga mfumo wako kwenye Windows na XAMPP (kifurushi cha Apache, MySQL na PHP cha kuendeshea mfumo kwenye laptopu), kila batani inajibu, mteja kaona demo kafurahi, unaupandisha kwenye VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya Ubuntu, yaani Linux, afu ukifungua domeini unakutana na ukurasa mweupe au 500 (namba ya kosa la ndani ya seva) peke yake katikati ya kioo. Hapo ndo watu wanaanza kuhangaika, mara chmod 777 kila folda, mara kufuta vendor (folda ya vifurushi vya PHP) na kuinstoo upya, mara kuristati seva nzima, vitu vitano kwa mpigo, na hata ukibahatika ukapona hujui kilichokuponya ni kipi, wiki ijayo ukirudi ugonjwa unaanza upya.

Nitatumia Laravel (fremuwek ya PHP) na Nginx (programu inayopokea maombi kwenye seva) kwenye mifano maana ndo nakutana nayo sana, ila wa Django na Node fuatilieni tu, majina yanabadilika lakini njia ni moja: mfumo haujabadilika, kilichobadilika ni mazingira, kwahiyo kazi yako ni kutafuta laptopu na seva zinatofautiana wapi, na unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, ndo unaenda kingine.

Kwanza, ombi linafia wapi

Mtu akifungua ukurasa ombi lake linapita DNS (inayogeuza jina la domeini kuwa IP, yaani anwani ya seva), linafika seva, Nginx inalipokea, inalipeleka kwa PHP-FPM (inayoendesha PHP), PHP inasoma mfumo wako, mfumo unaongea na databezi. Limekufa kwenye hatua gani? Usikisie, uliza:

`dig +short domeiniyako.co.tz`
`curl -I https://domeiniyako.co.tz`

Ya kwanza inakupa IP. Kama sio ya seva yako, acha kabisa kugusa mfumo, nenda karekebishe DNS, na kama umeibadilisha saivi subiri, kumbukumbu ya zamani inakaa hadi TTL (muda wake wa kukaa) iishe. (Ukitumia Cloudflare, huduma inayokaa mbele ya seva yako, utaona IP zao, hiyo ni sawa.) Ya pili inakupa namba ya jibu, na hiyo namba usiipuuze. Ukiona haijibu kabisa, inaning'inia tu, mara nyingi ni ukuta wa moto, angalia `ufw status` na usisahau kwamba kampuni nyingi za seva zina ukuta wao mwingine kwenye dashibodi ambao ukiwa ndani ya seva huuoni.

502 maana yake Nginx iko hai ila PHP haipokei simu. 504 maana yake PHP imepokea ila imechelewa, Nginx kwa kawaida inasubiri sekunde 60 afu inakata. 413 ni faili kubwa. 419 kwenye Laravel ni mambo ya seshen (kumbukumbu ya mtu aliyeingia) na tokeni ya fomu (alama ya siri inayothibitisha fomu imetoka kwenye mfumo wako). 404 kwenye kila ukurasa isipokuwa ule wa mwanzo, hiyo sio mfumo, ni Nginx haijaambiwa kupeleka linki zote kwenye index.php, weka huu mstari ndani ya location / :

`try_files $uri $uri/ /index.php?$query_string;`

Wa Apache kwenu ni mod_rewrite haijawashwa au AllowOverride imekaa None.

Soma logi, soma logi

Najua inachosha kusikia ila nusu ya maswali ninayoulizwa jibu limeandikwa kwenye logi, yaani mafaili ya kumbukumbu ya seva ya mtu mwenyewe, na hajalifungua. Fungua dirisha mbili za SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa amri), moja uweke hii:

`tail -f /var/log/nginx/error.log storage/logs/laravel.log`

Afu nenda kwenye brauza urudie kile kitendo kinachogoma. Mistari inayotokea wakati huohuo ndo yako. Kosa la Laravel linakuja na mkia mrefu wa mafaili, usitishike, soma mstari wa kwanza wenye tarehe, huo ndo unasema tatizo, mengine ni njia iliyopitia. Na kama laravel.log haiandiki kitu kabisa wakati ukurasa unaleta 500, hiyo yenyewe ni taarifa: ama mfumo haujafikiwa, ama hauna ruhusa ya kuandika hiyo logi.

Usije ukaweka APP_DEBUG=true kwenye seva inayotumika na watu ili uone kosa kwenye brauza. Ule ukurasa wa makosa unaanika mambo ya ndani ya mfumo mbele ya kila anayepita, na kosa lilelile liko kwenye logi.

Mfano wa 502. Logi ya Nginx inasema hivi:

`connect() to unix:/run/php/php8.1-fpm.sock failed (2: No such file or directory)`

Yaani Nginx imeelekezwa kwenye soketi (mlango wa mawasiliano) ya PHP 8.1 ila hiyo soketi haipo. Kwanini? Kwasababu umekopi mpangilio kutoka kwenye maelekezo ya Ubuntu 22.04 inayokuja na 8.1, wakati wewe uko 24.04 inayokuja na 8.3. Fanya `ls /run/php/` uone iliyopo, rekebisha, `nginx -t`, afu `systemctl reload nginx`. Dakika mbili. Bila logi mtu angeweza kuinstoo upya seva nzima kwa ajili ya namba moja.

Windows na Linux hazifanani

Hapa kaa kidogo maana panaumiza wengi. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, Linux inajali. Ukiwa na faili `Mteja.php` na mahali umeita `mteja.php`, kwenye laptopu inapita, kwenye seva unaambiwa class haipo. Picha pia, `Logo.PNG` na `logo.png` ni vitu viwili tofauti. Majina ya tebo nayo: MySQL kwenye Windows kwa kawaida inayapeleka yote herufi ndogo, kwenye Linux `Wateja` na `wateja` ni tebo mbili, kwahiyo swali la SQL ulilolichapa kwa mkono linaweza kugoma hata kama databezi umeihamisha yote. Na ukirekebisha jina la faili kwenye Windows, Git inaweza isione mabadiliko yoyote, tumia `git mv` kwa hatua mbili, mpe jina la muda kwanza afu jina sahihi.

Ruhusa za mafaili ndo nyingine. Kwenye laptopu we ndo kila kitu, kwenye Ubuntu PHP inakimbia kama yuza anayeitwa www-data, na huyo lazima aweze kuandika folda mbili tu, storage na bootstrap/cache. Basi:

`sudo chown -R www-data:www-data storage bootstrap/cache`
`sudo chmod -R 775 storage bootstrap/cache`

Hiyo 777 mnayopeana inafanya kazi ndio, ila umemruhusu kila yuza kwenye hiyo seva kuandika, na kama kuna mfumo mwingine humo umeingiliwa basi na wako umekwenda. Kuna kisa pia cha kukimbiza `php artisan` (amri za Laravel) ukiwa root (yuza mkuu wa seva), faili la logi linazaliwa likiwa mali ya root, kesho www-data hawezi kuliandika na mfumo unakufa bila kuguswa na mtu. Kwahiyo amri zako zipige kama `sudo -u www-data php artisan ...` ujiepushie.

.env na kashe

.env, faili la mipangilio na paswadi za mfumo, haitakiwi kwenda kwenye Git, ndo maana kwenye seva mara nyingi haipo au ipo nusu. Kama logi inasema "No application encryption key has been specified" we piga `php artisan key:generate`, ila kwa seva mpya tu! Mfumo ukishakuwa na data iliyofichwa kwa ufunguo wa zamani, ukitengeneza mwingine ile data haifunguki tena na watu wote wanatolewa nje ya akaunti zao.

Kinachochanganya zaidi ni kubadilisha .env afu hakuna kinachobadilika. Sababu ni kashe. Ukishapiga `php artisan config:cache` Laravel haisomi tena .env, inasoma nakala yake. Na hapohapo kuna mtego mwingine, kama umeita `env('KITU')` moja kwa moja ndani ya kontrola, baada ya hiyo kashe inarudisha null, wakati kwenye laptopu ambako hukuwahi kuweka kashe ilikuwa safi tu. Weka thamani kwenye faili la config, uiite kwa `config()`. Kusafisha yote ni `php artisan optimize:clear`, na kama una foleni za kazi ongeza `php artisan queue:restart` maana wale wafanyakazi wa foleni wamebeba msimbo wa zamani kichwani tangu walipoanzishwa, unaweza ukarekebisha kosa na barua pepe zikaendelea kwenda na kosa lilelile siku nzima.

Sasa hiki cha CSS naomba mkijue. Unafungua mfumo kwako unapendeza, mteja anakwambia kwake ni maandishi tu hayana mpangilio. Angalia kama kuna faili `public/hot` kwenye seva. Hilo linatengenezwa na Vite (zana ya kuandaa CSS na JavaScript) ukiwa unafanya kazi, na ukipandisha folda kwa zipu au FTP linaenda nalo, matokeo yake seva inamwambia kila mtu achukue CSS kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe poti 5173. We una Vite inakimbia unaona sawa, mteja hana. Lifute, piga `npm run build`, maliza.

Wakati uko hapo jaribu `curl -I https://domeiniyako.co.tz/.env`. Ikijibu 200 acha kila kitu, umeelekeza Nginx kwenye folda ya mradi badala ya public, paswadi zako ziko hadharani. Rekebisha mstari wa root kwenye mpangilio wa Nginx afu ubadilishe paswadi zote, usiseme hakuna aliyeona, kuna roboti zinazunguka mtandaoni zinatafuta hilo faili tu.

Inafanya kazi, ila sio kwa kila kitu

Faili kubwa zinagoma: Nginx inakubali MB 1 tu usipoiambia vinginevyo, PHP inakubali MB 2 kwa faili. Panua `client_max_body_size`, `upload_max_filesize` na `post_max_size`, zote tatu, ukigusa moja haitoshi.

Brauza inalalamika mizunguko ya kuelekezwa imezidi: kama uko nyuma ya Cloudflare na umechagua Flexible, Cloudflare inaongea na seva yako kwa http, seva inasema njoo kwa https, wanazungushana hivyo hadi kesho. Weka cheti kwenye seva, chagua Full (strict).

Malipo ya M-Pesa kwa mnaotumia Daraja (API ya M-Pesa) ya Safaricom: mteja analipa, hela inakatwa, mfumo unasema bado. Kwanza angalia unaita `api.safaricom.co.ke` au bado uko `sandbox.safaricom.co.ke`, na funguo nazo zibadilike, za majaribio hazifanyi kazi upande wa pili. Pili, linki ya majibu lazima iwe https na ifikike kutoka nje, sio localhost iliyobaki kwenye .env. Tatu, na hii ndo naikuta mara nyingi, linki imewekwa kwenye routes/web.php kwahiyo Laravel inadai tokeni ya fomu, Safaricom hawana, wanapewa 419. Ihamishie routes/api.php, ukumbuke sasa anwani inaanza na /api. Kuhakikisha, fungua access.log ya Nginx utafute ombi la POST kwenye hiyo linki. Kama halipo hawajakufikia. Kama lipo na namba sio 200, tatizo ni lako.

Tarehe. Seva nyingi zinakaa UTC (saa ya kimataifa) na Laravel nayo ikija inakuja na UTC, sisi tuko masaa matatu mbele. Kwahiyo mauzo ya saa saba usiku yanaandikwa saa nne usiku ya jana yake, ripoti ya siku haijumlishi sawa na mhasibu anakuangalia vibaya, na ile kazi ya kroni (inayojiendesha kwa ratiba) uliyoipanga 06:00 inakimbia saa tatu asubuhi badala ya saa kumi na mbili. Mi nashauri databezi ibaki UTC, ubadilishe kwenda Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi wakati wa kuonyesha na wakati wa kukata mipaka ya siku kwenye ripoti, maana kuhamisha saa ya databezi ambayo tayari ina data ni kujitafutia kesi.

Inakufa baada ya siku kadhaa

Ilikuwa nzima, hakuna aliyepandisha kitu, leo databezi haipatikani. Piga hizi:

`df -h`
`df -i`
`free -h`
`sudo dmesg -T | grep -i "killed process"`

Diski ikijaa MySQL inashindwa kuandika na seshen hazihifadhiki, watu wanaingia wanatolewa wanaingia wanatolewa. Mara nyingi mlaji ni laravel.log ambayo haijawahi kukatwa, weka LOG_CHANNEL=daily. Ile `df -i` ni ya kuangalia idadi ya mafaili, maana diski inaweza ikawa na nafasi ila mafaili madogomadogo ya seshen yamemaliza nafasi za majina. Na ukikuta mysqld ameuliwa kwenye dmesg, ni RAM, VPS ya GB 1 inayobeba MySQL na PHP na `npm run build` juu yake haiwezi. Ongeza swap (sehemu ya diski inayotumika kama RAM) ya GB 2 au jenga CSS kwenye laptopu upandishe folda ya build peke yake.

Na kama kilichokufa ni kile cheti cha https, vyeti vya Let's Encrypt vilivyozoeleka vinaisha siku 90. `certbot renew --dry-run` itakwambia kwanini havijihuishi vyenyewe, mara nyingi utakuta mtu alifunga poti 80 akidhani haina kazi tena.