Kumwandaa poni wa asili kwa maonyesho: weka mkasi chini kwanza

Wiki hii nimeulizwa mara nne swali lile lile: "Kaka, huyu poni nimnyoe wapi?" Jibu fupi ni kwamba usimnyoe. Refu ndilo hili, na atakayeuliza tena nitamtuma hapa hapa.

Naandikia masaisi wenzangu mliotoka Ngong, Gilgil au Muscat mkaja kufanya kazi mabandani Uingereza. Kule tulifunzwa farasi wa mbio: ayali, yaani nywele za shingoni, ing'olewe mpaka ibaki fupi kama brashi, miguu ipitishwe mashine, mkia usawazishwe. Mikono yetu imezoea hivyo, na ndiyo inayotuponza. Poni wa asili wa huku, farasi mdogo wa milimani na nyikani, jaji humtazama kama mnyama anayeweza kulala nje Januari juu ya mlima wa Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, asife. Manyoya ya vifundoni yanachuruzisha maji yasikae kwenye ngozi ya kisigino. Ayali inafunika shingo. Mkia mpana unakinga makalio anapoupa upepo mgongo. Ukivikata umemvua nguo zake, kisha unampeleka kushindana na waliovaa.

1. Kanuni za chama cha uzao wake. Soma kabla ya kushika chochote. Kwa ufupi: Fell, Dales, Highland, Exmoor na Shetland anaachwa alivyo. Connemara, New Forest, Dartmoor na Welsh wa A na B (A hadi D ni mafungu ya uzao huo) wanavumiliwa kusafishwa kidogo, mradi isionekane. Welsh wa C na D wanabaki na manyoya yao ya vifundoni.

2. Fundi wa kwato. Siku saba hadi kumi kabla, si jana yake.

3. Uzito. Poni hawa wananenepa kwa harufu ya nyasi tu. Mnene kwenye majani ya Mei anaweza kuvimba ndani ya kwato, na hapo sahau maonyesho, huenda ukamsahau na poni mwenyewe.

4. Kuosha. Ayali na mkia osha siku tatu nne kabla. Ukiosha jana yake nywele zinakuwa laini mno, zinarukaruka kama za mtoto. Mwili wa Exmoor au Highland usiupige shampuu; mafuta ya ngozi ndiyo koti lake la mvua. Brashi ngumu, brashi laini, kitambaa, na mkono wako uchoke. Mweupe aliyelalia mavi huyo ni habari nyingine, nimejibu chini.

5. Miguu. Hapa kaeni chini.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa jike mmoja wa Fell, mweusi, mtulivu, manyoya ya miguuni yanaburuza hadi sakafuni. Bosi alisafiri siku mbili akaniambia, "Mtayarishe." Mimi nikaelewa nilivyofundishwa. Nikachukua mashine, nikashuka mguu wa nyuma kushoto kuanzia nyuma ya goti mpaka kwenye ukwato, safi, kama farasi wa mbio za Jumapili pale Ngong. Nikasogea nyuma kuangalia. Nikaona nimefanya kazi nzuri! Nikaendelea na wa pili. Niliachia hapo kwa sababu betri ilikwisha, na mpaka leo naishukuru betri ile. Bosi aliporudi hakufoka. Alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye kifundo, akauliza kwa sauti ya chini, "Mingine miwili umeiacha kwa nini?" Heri angefoka. Maonyesho yalikuwa baada ya wiki mbili, na manyoya yale yanachukua karibu mwaka kurudi. Jike yule hakwenda.

Basi sikia. Mashine isiingie kabisa kwenye banda la poni wa milimani. Mkasi nao usiingie, hata "kusawazisha ncha kidogo tu", kwa sababu ncha iliyokatwa huwa butu na jaji anaiona akiwa hatua kumi. Kazi yako miguuni ni hii: tenganisha manyoya kwa vidole, tafuta upele, unyevu na wadudu chini yake (akipiga piga miguu chini usiku, kuna wadudu), osha, kausha mpaka kwenye ngozi. Ukiacha unyevu, matope ya huku yanaichana ngozi ya kisigino mpaka inatoa maji. Miguu ikiwa myeupe, sugua vumbi la mbao kavu kwenye manyoya yenye unyevunyevu, likikauka piga brashi. Yanafunguka kama pamba.

6. Ayali na mkia. Vidole. Kitana kinang'oa, na nywele moja ndefu ya mkia imechukua miaka kufika ilipo.

7. Sharubu. Ziache. Ndizo macho yake ya karibu, kwa kuwa hakioni kilicho chini ya pua yake. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilipiga marufuku kuzinyoa kwa farasi wa mashindano yake tangu Julai 2021, kwa hiyo usiniletee hoja ya "wote wananyoa".

8. Siku yenyewe. Hatamu ya ngozi iliyosuguliwa, bila mapambo. Dume aende na lijamu (chuma cha mdomoni), maonyesho mengi hayamruhusu bila. Wewe: koti la sufu, tai, glavu, kofia, viatu unavyoweza kukimbia navyo.

9. Mbele ya jaji. Msimamishe poni ili jaji aone miguu yote minne: ya upande wa jaji, wa mbele umetangulia kidogo, wa nyuma umebaki nyuma kidogo. Kwenye mchakamchaka nenda moja kwa moja, ukigeuka msukume kulia aende mbali nawe, usimvute akuzunguke. Legeza kamba. Poni aliyeshikwa kichwa hachezi mabega.

Maswali

Kwato4: Asante mwalimu. Huyu wangu ni Highland, nimkate mkia kidogo? Unagusa chini.

Mwandishi: Soma namba 1.

Kwato4: Nimesoma, ila unachafuka sana.

Mwandishi: Usokote, ufunge juu akiwa njiani, ufungue ukifika. Mkasi hapana.

Saisi_Mgeni: Mbona jirani yangu ana Welsh A, amemsafisha taya na ameshinda? Unatutisha bure.

Mwandishi: Nimeandika kwamba Welsh A anavumiliwa. Wako ni Welsh A?

Saisi_Mgeni: Ni Dales.

Mwandishi: Haya.

Mama_Mbegu: Samahani kwa swali la mtu asiye na farasi. Jaji anajuaje kwamba manyoya ni mazuri? Si nywele tu?

Mwandishi: Dada, swali zuri hilo. Anatazama umbile lake. Kwa Fell anataka ya hariri, yaliyonyooka, yaanzie nyuma ya mguu. Yakiwa magumu na yamejikunja kama sufu, hushuku mfupa na ngozi navyo ni vizito. Ndiyo maana anapitisha mkono: chini ya manyoya anatafuta mfupa bapa, mkavu. Ukija kwenye maonyesho yoyote ya Cumbria kiangazi, simama karibu na kamba umtazame jaji mikono badala ya kutazama poni. Utajifunza kwa saa moja nilichojifunza kwa miaka miwili.

Telki: Na huyo mweupe wa mavi?

Mwandishi: Usiku wa kuamkia, mfunike koti jepesi na umwekee matandiko mengi. Asubuhi doa likikutana nawe: maji ya uvuguvugu pale pale tu, kausha kwa taulo, pakaa unga wa chaki, piga brashi. Usimwoshe mzima saa kumi na moja alfajiri, atasimama uwanjani anatetemeka.

Telki: Wangu amejikuna ayali yote imeisha, kiangazi kila mwaka.

Mwandishi: Hao ni visubi. Mate yao yanamwasha. Koti la wavu tangu Aprili kabla hajaanza kujikuna, mwingize ndani jioni na alfajiri, na usimweke karibu na maji yaliyosimama. Ukishaona kidonda umechelewa, mwite daktari.

Kwato4: Na yule jike wa Fell, alionyeshwa tena?

Mwandishi: Agosti iliyofuata. Bosi alinipa mimi nimwongoze. Jaji alipofika mguu wa nyuma kushoto akatulia pale muda mrefu, mimi natokwa jasho ndani ya sufu. Akainuka akasema, "Manyoya mazuri." Alikuwa wa tatu kati ya saba.