Farasi usiyemjua klasini: anzia kwa saisi, halafu breki

Jumamosi mdogo wangu alipewa farasi mgeni kwa klasi ya kupanda farasi huku Karen, akashikwa na woga. Naandika vile nilivyomwelekeza.

1. Ongea na saisi. Mwalimu anamjua farasi akiwa na mtu mgongoni, lakini saisi ndiye anayemlisha na kumsugua kila asubuhi. Muulize huyo farasi anaogopa nini na alitoka wapi. Hapa Nairobi farasi kibao wa kufundishia walikuwa wa mbio pale uwanja wa Ngong, na hiyo inabadilisha kila kitu, utaona hatua ya 4.

2. Msalimie farasi ukiwa kwenye bega lake la kushoto. Usisimame nyuma ya mkia, huko hakuoni. Masikio yakilala nyuma kabisa, ngoja kwanza.

3. Kaza mshipi wa tandiko, pima vikuku (vile vya kukanyagia), panda. Ukishatembea dakika tano kaza mshipi tena, wengine huvimbisha kifua wakifungwa.

4. Breki. Hapa mimi nilipoteza klasi nzima, navuta hatamu na farasi anazidi kukimbia, mikono ikaniuma siku mbili. Kumbe farasi wa mbio amezoea kuegemea lijamu (kile chuma cha mdomoni) akiwa kasi, ukivuta bila kuachia anaona umempa kitu cha kuegemea. Na ukiogopa miguu inambana mbavuni yenyewe, na kwake kubanwa ni kuambiwa twende, so unamwambia simama na nenda kwa wakati mmoja. Fanya hivi: keti mzito, toa pumzi, legeza magoti, alafu vuta kidogo, achia, vuta, achia, kama unakamua sponji. Akikataa mzungushe, duara kubwa kwanza ndio upunguze, usimkate kona ghafla anaweza kuteleza. Na tafadhali omba ukanda wa shingoni mwa farasi, ukiyumba shika huo, si mdomo wake. Lijamu kali mimi sitaki hata kuiona, inaumiza mnyama na haimfundishi kitu.

5. Simama mara kumi ukiwa unatembea tu. Ikikubali, ndio utroti, yaani mbio za polepole.

Mdogo wangu alitembea na kusimama nusu saa nzima wenzake wakitroti, na kufika mwisho farasi alikuwa anasimama akisikia tu pumzi ikitoka. Saisi akamwambia Jumamosi ijayo aombe huyo huyo.