Kabla ya Kuvuka Kwenda Wasini: Maji, Pomboo na Karamu ya Kaa

Kabla ya kuweka tarehe ya safari ya siku moja kwenda Wasini, litazame jedwali la maji kujaa na kupwa, na kama huna jedwali, utazame mwezi. Kisiwa hiki kidogo, chenye urefu wa takriban kilomita 5, kiko ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari kutoka Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Karibu kila kinachowavuta wageni huko, yaani miamba ya Kisite, hifadhi ya bahari iliyo karibu, pomboo, bustani ya matumbawe iliyo kando ya kijiji na hata kaa wanaoliwa mchana, hufuata mwendo wa maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii inaweza kukaribia mita 4, na kupwa kwa mchana huangukia kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: saa hizo hizo maji huwa yamejaa, lakini hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo, na mkondo huwa mpole.

Maana yake kwa mpangaji ni hii. Ukienda siku ya bamvua, chombo kinapaswa kuondoka Shimoni mapema, mnamo saa mbili au saa mbili na nusu, ili mfike Kisite maji yakikaribia kusimama, kwa kuwa katikati ya kupwa na kujaa mkondo huwa na nguvu za kumchosha hata muogeleaji hodari. Baada ya hapo mtarudi Wasini maji yakijaa, jambo linalorahisisha kushuka chomboni, hasa mkiwa na wazee au watoto. Wasioogelea vizuri, kwa maoni yangu, wachague maji mafu hata kama itawabidi kusogeza tarehe kwa wiki nzima. Bustani ya matumbawe nayo ina saa yake. Ni uwanja wa miamba ya matumbawe ya kale iliyochongwa na maji, unaopitiwa juu ya njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha wanawake wa kijijini, na bamvua linapojaa bahari huingia hadi chini ya miguu ya watembeaji. Wanaotaka kuiona mikavu na wanaotaka kuiona imezungukwa na maji hawawezi kuridhishwa kwa wakati mmoja.

Upepo ni shauri la pili. Kuanzia Oktoba hadi Machi bahari kwa kawaida huwa shwari zaidi na maji huwa maangavu, ilhali kusi, upepo utokao kusini, linapovuma kwa nguvu, hasa kati ya Mei na Julai, mawimbi nje ya kisiwa huwa makubwa na mchanga huyachafua maji. Kuna mvutano hapa ambao mpangaji hana budi kuukubali: nyangumi wa nundu hupita katika bahari hii kuanzia mnamo Julai hadi Septemba, yaani ndani ya majira hayo hayo ya kusi. Anayewafuata nyangumi ajiandae kwa kichefuchefu, na ameze dawa yake kabla ya kupanda chombo, kwa sababu ikimezwa baada ya tumbo kuanza kuchafuka haisaidii sana.

Eneo la bahari lenyewe limegawanyika sehemu mbili, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kuingia. Kisite, yenye kilomita za mraba 28, ni hifadhi ambamo uvuvi hauruhusiwi kabisa, na Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, ni eneo ambamo wavuvi wa hapo huruhusiwa kuvua kwa njia zao za jadi. Kwa hiyo ukiona dema, mtego wa samaki, chini ya maji upande wa Mpunguti, usiliguse wala usimfungulie samaki kwa huruma. Ni riziki ya mtu. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na hakilipwi kwa fedha taslimu, hivyo kilipeni usiku wa kuamkia safari mkiwa na mtandao mzuri na kitambulisho mkononi. Nimewahi kukaa gatini karibu saa nzima, maji yakipwa mbele ya macho yetu, kwa sababu tu mmoja wetu alikuwa amesahau nywila yake.

Kuhusu pomboo, swali la kumuuliza mwenye chombo kabla ya kumpa arbuni ni namna anavyowasogelea, kwani hakuna mtu mkweli atakayekuahidi kwamba utawaona. Nahodha anayejua kazi yake hupunguza mwendo akiwa mbali, huenda sambamba nao badala ya kuwakata njia, hamtenganishi mama na mtoto wake, na vyombo vikizidi kuwa vingi huwaacha waende. Anayejigamba kwamba atakurusha majini katikati ya kundi, mwache atafute wateja wengine. Mbali na pomboo wenye mdomo mfano wa chupa, ambao ndio huonekana zaidi, huku wapo pia pomboo wa nundu, wachache na wenye haya, ambao jamii yao imo hatarini kutoweka. Mkimuona kasa, iwe uziwa au ng'amba, mwacheni apande juu kuvuta pumzi bila kuzingirwa.

Karamu huandaliwa kabla ya siku yenyewe, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Kaa wa mikoko hawasubiri kwenye friji. Wavuvi huwafuata mashimoni mwao wakati maji yamepwa, kwa hiyo idadi ya walaji inapaswa kumfikia mpishi angalau siku moja kabla, pamoja na majina ya wale wasioweza kula kaa, kamba au chaza kwa sababu ya mzio. Mzio wa namna hiyo si wa kuufanyia mzaha kisiwani, kwa kuwa hospitali iko ng'ambo ya maji. Kaa huletwa bila kukatwakatwa, pamoja na kigongo cha kuvunjia magando, ndimu, wali wa nazi na samaki, na mlo huu unataka muda wa saa moja na nusu hivi, usio na haraka. Kuogelea kutangulie kula.

Wenyeji wa Wasini ni Wavumba, watu wenye lahaja yao ya Kiswahili, Kivumba, na ni Waislamu. Vazi la kuogelea hubaki chomboni. Kijijini mwanamke avae deraa au leso mbili, na mwanamume suruali au kikoi na shati. Pombe isipelekwe. Ijumaa mlo upangwe baada ya swala, na katika mwezi wa Ramadhani ni adabu kuahirisha karamu ya mchana, au kukubaliana na wenyeji mfuturu pamoja na kulala huko huko. Ikitokea mkaalikwa harusini au kwenye maulidi, fahamuni kwamba huo si mlo wa kununua: anayealikwa hubeba zawadi, hala kwa bei.

Mizigo isiwe mingi. Shati la mikono mirefu la kuogelea hukinga jua kuliko mafuta, na haliyadhuru matumbawe. Viatu vya mpira ni vya lazima, maji ya kunywa yawe ya kutosha kwa kuwa kisiwa hakina mto na kwa muda mrefu watu wametegemea sana maji ya mvua, na noti ndogondogo zitafaa kwa kiingilio cha bustani. Hakuna magari ya kukodi. Ni miguu tu. Wanaotoka Mombasa, umbali wa karibu kilomita 80, wahesabu foleni ya feri ya Likoni au wapitie barabara ya Dongo Kundu.

Jioni ya kuamkia safari pigeni simu mbili. Ya kwanza ni kwa nahodha, kuuliza hali ya upepo. Akisema kesho hapaendeki, msibishane naye wala msitafute mwingine atakayekubali. Ya pili ni kwa mpishi, kumthibitishia idadi, na kama wawili wamejitoa, ajue kabla wavuvi hawajaingia mikokoni.