Nyuzi za bolti zikitoka na manyoya, anza na kisu

Niko Mwanjelwa, Mbeya, nakata nyuzi za bolti kwa mashine ya kukereza (lathe), inayozungusha chuma huku kisu kikikikata. Wateja wangu ni watu wa karasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) kutoka Chunya na wakulima wa mpunga wa Mbarali wenye pawatila (trekta ndogo za mkono) zao. Wote wanataka studi, yaani bolti isiyo na kichwa, inayopokea nati kwa vidole. Mteja akishika spana kabla nati haijamaliza mzunguko wa tatu, najua nimeboronga.

Jambo moja la lugha kwanza: kwetu za bolti ni nyuzi, na za pembe nazo ni nyuzi. Hapa pembe nitaziita digrii, tusije tukagombana.

Kijana mmoja wa Chunya aliniletea kipande cha nondo nimkatie studi ya milimita 20, pichi (umbali kati ya uzi na uzi) milimita 2.5. Nilikata, nikapitisha kitambaa, kikanasa kila mahali. Mashavu ya nyuzi, yaani pande zake za mteremko, yalikuwa yameraruka kama gunia lililoburutwa. Nikailaumu mashine, ambayo kweli ni kuukuu, nikapoteza asubuhi nzima nikikaza hiki na kile. Kumbe kwenye ncha ya kisu kulikuwa na punje ya chuma imeganda, ndogo kama mbegu ya ulezi. Ndiyo iliyokuwa inakata, si kisu. Chuma laini kina tabia hiyo, na nondo ndiyo mbaya zaidi.

Kwa hiyo chomoa kisu, kitazame juani. Makali yakirudisha mng'ao ni butu. Makali yanayokata hayang'ai. Kinoe kwa grenda, kisha malizia kwa jiwe la mafuta mpaka mikwaruzo ya grenda ipotee, maana kila mkwaruzo utauona tena kwenye nyuzi.

Ukikirudisha, pima kimo. Bana rula nyembamba ya chuma taratibu kati ya ncha na kazi, yaani chuma unachokikata. Ikisimama wima, kisu kiko katikati. Kichwa cha rula kikikulalia wewe, kisu kiko chini. Kikilalia upande wa pili, kiko juu, na hapo kitasugua badala ya kukata.

Halafu mwendo. Kwa kisu cha chuma na kazi ya milimita 20, mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika yatosha. Mafuta usiyaonee ubahili. Mimi natumia mafuta ya nguruwe, nayachukua kwa jirani anayeuza kitimoto. Mwezi wa Juni huku kwetu yanaganda, basi nayapaka kwa brashi kama rangi. Oili chafu ya injini siitaki karibu.

Kama unaingiza kisu moja kwa moja, mashavu yote mawili yanakatwa kwa pamoja na vipande vinabanana bondeni, kati ya uzi na uzi. Geuza meza ndogo inayobeba kisu digrii 29 na nusu, uingizie hapo; shavu moja ndilo litafanya kazi kubwa. Ukizidisha 30, shavu la nyuma litatoka na vingazi. Kila mpito wa kisu, anza na milimita 0.2, punguza kadiri unavyozama, malizia na 0.05. Kina chote cha pichi 2.5, kikipimwa wima kwenye kazi, ni kama milimita 1.53.

Nyuzi zikiwa na mawimbi badala ya manyoya, hiyo ni kesi nyingine: kisu kimechomoza mno, au kazi ndefu haina msaada mwishoni.

Na zikiwa safi kabisa lakini nati inagoma? Uliza inafungwa wapi. Trekta la zamani la Uingereza huenda lina nyuzi za Whitworth, kipimo cha zamani cha Waingereza, pembe yake digrii 55, na kisu chako ni cha 60. Hapo hata unoe mpaka jioni. Kama sivyo, piga brashi ya waya, toa vipande vyote bondeni, ndipo ujaribu nati. Nimeshakwamisha nati nzima kwa kipande kimoja cha unene wa unywele, nikaikata kwa msumeno.